Grafu ya maarifa kutoka makala za tiba: kwa nini mishale mingi ni ya uongo ilhali kila hatua inaonekana kufanya kazi?

#1 Mchota_Ikisiri

Habari wakuu. Nimekwama, na mkwamo wenyewe si wa kiprogramu.

Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikijenga grafu ya maarifa inayojijenga yenyewe kutoka ikisiri za PubMed, hifadhidata ya makala za tiba. Modeli ya kwanza inatambua majina ya jeni, dawa na magonjwa. Ya pili inaunganisha kila jina na kitambulisho chake katika hifadhidata. Ya tatu inaamua ni uhusiano gani uliopo kati ya majina mawili, kisha kauli inaingia katika grafu kama mshale kutoka nodi moja (yaani jina moja) hadi nyingine: kiima, kitenzi, yambwa. Kila modeli nimeipima peke yake kwa matini zilizowekwa alama na wataalamu, na alama ilizopata si haba. Lakini nikiokota mshale wowote katika grafu na kurudi kusoma sentensi ulikotoka, mara nyingi naona aibu.

Mfano wa jana: mshale unasema jeni fulani huongeza ukuaji wa uvimbe. Sentensi yenyewe inasema kwamba panya waliofutiwa jeni hiyo walipata uvimbe mkubwa zaidi. Maana yake ni kinyume kabisa, kwa sababu jeni ilipokuwepo ndiyo iliyouzuia uvimbe. Majina yote mawili yalitambuliwa sawasawa, kitenzi kilikuwemo, na bado mshale umedanganya.

Dai langu, ambalo mko huru kulibomoa, ni kwamba kosa si la modeli. Mshale ni chombo kidogo mno kwa sentensi ya kisayansi, na chochote tutakachokimimina humo kitamwagika.

#2 Swali_Fupi

Mleta mada, kabla ya kuulaumu mshale, umewahi kuzidisha?

Tuchukulie kwamba kila hatua yako iko sahihi kwa 0.9. Ili mshale mmoja uwe sahihi, unahitaji jina la kwanza, jina la pili, kitambulisho cha kwanza, kitambulisho cha pili na uhusiano wenyewe. Ukizidisha 0.9 mara tano unapata takribani 0.59, yaani mishale minne katika kila kumi ina kasoro mahali fulani hata kama hakuna modeli yako hata moja iliyo mbovu. Hapo falsafa haihitajiki, hesabu inatosha.

#3 Kitambulisho

Hesabu ya #2 ni nzuri, ila inachukulia kwamba makosa yamesambaa sawasawa, jambo ambalo si kweli. Kwa uzoefu wangu yanarundikana katika hatua ya vitambulisho, na hatua hiyo ndiyo inayodharauliwa kuliko zote.

Fikirieni jeni ya kimeng'enya cha katalesi. Alama yake rasmi ni CAT, ambayo kwa Kiingereza ni paka. Oksidi ya nitriki huandikwa NO, ambayo ni hapana. RA inaweza kuwa ugonjwa wa baridi yabisi au asidi ya retinoiki, na MS inaweza kuwa ugonjwa wa mfumo wa neva au mashine ya kupimia uzito wa molekuli. Mwandishi wa makala hahangaiki, kwa kuwa msomaji wake anajua wako katika fani gani. Programu inayosoma sentensi moja moja haijui.

Baya zaidi ni jina lililomezwa ndani ya jina jingine. Jina refu la protini ya CFTR limebeba ndani yake jina la ugonjwa wa sistiki faibrosisi. Nimeona programu ikiukata ugonjwa kutoka katikati ya jina la protini, halafu ikatangaza kwa furaha kwamba makala inazungumzia ugonjwa huo, wakati makala ilikuwa inapima usafirishaji wa kloridi katika seli zenye afya.

Halafu kuna viumbe. Mwandishi anaandika p53 tu. Kwa binadamu jeni hiyo ni TP53, na kwa panya ni Trp53, zenye vitambulisho viwili tofauti. Kama makala haikutaja kiumbe katika sentensi hiyo, programu nyingi zinachagua binadamu bila kuuliza. Kwa hiyo matokeo ya panya yanavaa kanzu ya binadamu na kuingia katika grafu bila kugutusha mtu.

#4 Mhariri_wa_Jeni

Naongezea kwenye #3, kwa sababu watu husahau kwamba majina huharibika hata kabla ya programu kuyagusa. Zilikuwepo jeni zenye alama kama MARCH1 na SEPT2. Mtafiti anaziweka katika Excel, nayo Excel inazigeuza kuwa tarehe. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulipekua majedwali ya Excel yanayoambatana na makala za jenomu na kukuta kwamba takribani moja kati ya makala tano zenye orodha kama hizo ilikuwa na makosa ya namna hiyo. Mwaka 2020 kamati ya majina ya jeni za binadamu, HGNC, ilitoa miongozo mipya na kueleza kwamba alama hizo zimebadilishwa: MARCH1 ikawa MARCHF1, na SEPT2 ikawa SEPTIN2.

Programu ya majedwali ilishinda, biolojia ikasalimu amri. Lakini makala za kabla ya hapo bado ziko palepale na majina yao ya zamani, kwa hiyo kamusi yako isipobeba alama zilizostaafu, utapoteza sehemu ya fasihi, yaani makala zilizochapishwa, bila hata ujumbe wa kosa kutokea.

#5 NodiPweke

Kwa hiyo iko mahali fulani grafu ambamo tarehe mosi Machi husababisha saratani. Mimi naiamini kuliko horoskopu.

#6 Mtafiti_Mkongwe

Naona vijana mnazungumza kana kwamba jambo hili lilianza na modeli za lugha, kwa hiyo niruhusuni nirudi nyuma kidogo.

Wazo la kuunganisha kauli za makala tofauti ili kupata jambo ambalo hakuna makala moja iliyolisema lilipata nguvu mwaka 1986, pale Don Swanson alipounganisha upungufu wa magnesiamu na kipandauso. Kundi moja la makala lilisema A inagusa B, kundi jingine likasema B inagusa C, na makundi hayo mawili hayakuwa yakisomana wala kunukuliana. Yeye aliyasoma yote akauliza kama A haigusi C. Muhimu ni kwamba alisoma. Hakuwa na modeli, alikuwa na subira.

Baadaye Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani ilijenga SemRep, programu inayochota kauli kwa kanuni za lugha na kamusi kubwa ya istilahi za tiba iitwayo UMLS, na mavuno yake yakahifadhiwa katika SemMedDB. Wengi humu mmezitumia kauli hizo bila kujua zilikotoka. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2020 ilikuta kwamba, kwa kipimo kikali, usahihi wa SemRep ulikuwa 0.55 na ukamilifu wake 0.34, maana yake karibu nusu ya inachokiokota si sahihi, na kati ya kauli tatu zilizomo katika matini inaziacha mbili. Tena haishughuliki na ukanushi, kwa hiyo dawa iliyoshindwa kutibu huandikwa kuwa imetibu.

#7 Kiarifu

Mzee wangu, heshima yako iko palepale, ila kuna mambo mawili ya kurekebisha.

La kwanza: kazi ya Swanson ya mwaka 1986 ilihusu mafuta ya samaki na ugonjwa wa Raynaud, ule wa vidole kufa ganzi na kubadilika rangi kwa baridi. Fasihi moja ilisema mafuta hayo hupunguza uzito wa damu na kugandana kwa chembe sahani, nyingine ikasema wagonjwa wa Raynaud wana matatizo hayohayo. Magnesiamu na kipandauso vilikuja mwaka 1988.

La pili: SemRep inashughulika na ukanushi. Kauli iliyokanushwa hupewa kitenzi chenye kiambishi NEG mbele yake, kwa hiyo dawa iliyoshindwa kutibu haiandikwi kuwa imetibu. Kinachotokea ni kwamba watu wakipakua SemMedDB huzitupa kauli zote zenye NEG ili grafu iwe safi, au hukata kiambishi kwa bahati mbaya wanapolinganisha majina ya vitenzi. Tusiitwishe programu mzigo wa kosa letu.

Tena hizo 0.55 na 0.34 ni za kipimo kikali, kama ulivyosema mwenyewe. Kwa kipimo kilicholegezwa katika tathmini ileile usahihi ulikuwa 0.69 na ukamilifu 0.42. Bado si za kujivunia, lakini zote mbili zitajwe.

#8 Mtafiti_Mkongwe

Nimekubali yote mawili. La mwaka nimelichanganya mimi. La ukanushi linaniuma zaidi, kwa sababu nina grafu moja ya zamani ambayo sasa nashuku ni mimi niliyekata kiambishi.

#9 Mfamasia_Msomaji

Mimi si mtu wa programu, nasoma makala kwa ajili ya kazi, na naona wote mnakwepa jambo moja. Hata mkichota kila sentensi bila kosa, fasihi yenyewe inapingana, inakosea na inafutwa.

Chukueni thalidomidi. Iliondolewa sokoni katika nchi nyingi kuanzia mwaka 1961 baada ya kubainika kwamba inaharibu viungo vya watoto walio tumboni. Mwaka 1998 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiidhinisha kwa vipele vya mwitikio mkali wa ukoma, na mwaka 2006 kwa saratani ya uboho iitwayo mieloma. Katika grafu yenu nodi hiyo moja ina mshale unaosema inasababisha madhara makubwa na mishale miwili inayosema inatibu. Yote ni kweli. Kinachoitenganisha ni nani anayeimeza, lini na kwa nini, na hakuna kimoja kati ya hivyo kinachoonekana katika kiima, kitenzi na yambwa. Hapa namuunga mkono mleta mada.

Lakini tazameni haidroksiklorokwini na Uviko-19. Makala ndogo iliyodai kwamba inasaidia ilitoka Machi 2020, ikasambaa dunia nzima, na jarida likaja kuiondoa Desemba 2024. Katikati, mwezi Juni 2020, jaribio kubwa la RECOVERY la Uingereza lilitangaza kwamba dawa hiyo haiwasaidii wagonjwa waliolazwa. Mwezi huohuo jarida la The Lancet liliondoa makala nyingine iliyodai kwamba dawa hiyo inaua, kwa sababu data zake hazikuweza kuthibitishwa. Kwa hiyo kuna mshale wa manufaa uliofutwa na mshale wa madhara uliofutwa, kutoka makala tofauti, kwa sababu tofauti. Ni wangapi kati yenu mna utaratibu wa kurudi kung'oa mshale pale makala yake inapoondolewa na jarida?

Naona kimya tayari.

#10 Swali_Fupi

Kimya kwa sababu swali limetufika. Mimi sina. Napakua mara moja, najenga, naendelea na maisha. PubMed huweka alama ya kuondolewa kwa makala, kwa hiyo kisingizio cha kukosa taarifa sina.

Hata hivyo hoja ya #9 haibomoi hesabu yangu. Makala zilizoondolewa ni sehemu ndogo ya fasihi, na haziwezi peke yao kueleza aibu ya mleta mada.

#11 Panya_wa_Maabara

Nilisubiri mtu arudi kwenye mfano wa #1, naona hakuna, basi nirudi mimi, kwa kuwa kazi yangu ya kila siku ni kuwafutia panya jeni.

Wanabiolojia karibu hatusemi jambo moja kwa moja. Ili kujua jeni hufanya nini, tunaiondoa na kutazama kinachoharibika. Kwa hiyo sentensi zetu zimejengwa juu ya kukosekana: kufutwa kwa X kulipunguza Y, kuzimwa kwa X kulizuia ongezeko la Y, kizuizi cha X kilirejesha Y. Hesabu ukanushi katika sentensi hii ambayo ni ya kawaida kabisa kwetu: "Kuzimwa kwa X kuliondoa uwezo wa dawa kuzuia Y." Hapo kuna kuzimwa, kuondoa na kuzuia. Maana yake ni kwamba dawa huihitaji X ili izuie Y. Programu inaona X karibu na kuzuia karibu na Y, na inaandika kwamba X huzuia Y, wakati mwingine ikiwa sahihi kwa bahati tu.

Kosa hilo halitokani na kitambulisho, kama anavyosema #3, wala na fasihi kukosea, kama anavyosema #9. Ni sarufi ya maabara. Na si kweli kwamba mshale hauwezi kuibeba, bwana mleta mada. Mshale sahihi upo na ni mfupi. Tatizo ni kwamba modeli yako haijafundishwa kwamba katika fani hii kukosekana ni chombo cha kazi.

#12 Mchota_Ikisiri

Nashukuru sana, #11. Mfano wako nimeujaribu sasa hivi na modeli yangu imetoa hasa jibu ulilolitabiri.

Nikajaribu njia nyingine. Nilichukua modeli kubwa ya lugha, nikaipa ikisiri nzima badala ya sentensi moja moja, na kuiomba itoe kauli zote. Katika sentensi za kukosekana ilifanya vizuri kuliko nilivyotegemea. Lakini likazuka jambo jipya. Ikisiri moja ilihusu aspirini na utokaji damu tumboni, na miongoni mwa kauli ilizotoa ilikuwemo kwamba aspirini huzuia kimeng'enya cha COX-1. Ni kweli tupu. Ila katika ikisiri ile COX-1 haikutajwa hata mara moja. Niliisoma mara tatu.

Sasa hilo ni kosa au si kosa?

#13 Kitambulisho

Ni kosa, tena ni baya kuliko la uongo. Kauli ya uongo utaikamata siku moja. Kauli ya kweli isiyokuwemo katika makala inakupa ushahidi ambao haupo. Modeli haikusoma, ilikumbuka. Ukiiendesha juu ya ikisiri elfu kumi za aspirini, utapata mshale wa COX-1 wenye ushahidi wa makala maelfu ambazo hazikusema hivyo, halafu utaamini kwamba jambo hilo limethibitishwa mara maelfu.

Dawa yake nayoijua ni ya kijima lakini inafanya kazi: iamuru modeli inakili neno kwa neno sentensi iliyoitumia kwa kila kauli, kisha programu ya kawaida ilinganishe herufi kwa herufi kama sentensi hiyo imo katika matini. Isipokuwemo, tupa. Haizuii modeli kuisoma vibaya sentensi iliyomo, ila kumbukumbu zake nyingi zinaishia mlangoni.

#14 Seli_Moja

Wakuu, nimesoma uzi wote na nahisi tumekuwa wakali kupita kiasi. Grafu hizi zimewahi kuzaa matunda. Februari 2020 watafiti wa BenevolentAI walitumia grafu yao ya maarifa kutafuta dawa iliyopo tayari ya kujaribiwa dhidi ya Uviko-19, wakaibua barisitinibu, dawa ya baridi yabisi. Novemba mwaka huohuo iliruhusiwa Marekani kwa matumizi ya dharura pamoja na remdesivir, dawa ya kupambana na virusi, na Mei 2022 ikapata idhini kamili kwa watu wazima waliolazwa. Nayo Hetionet ya mwaka 2017, yenye nodi 47,031 na mishale 2,250,197, ilichotwa kwa mashine kutoka makala na ikatumika kutabiri dawa za magonjwa mengi. Kama mishale mingi ingekuwa ya uongo, yangewezekanaje haya?

#15 Kiarifu

Samahani, nimekuwa mtu wa kurekebisha tu katika uzi huu.

Hetionet kwa sehemu kubwa haikuchotwa kutoka matini. Iliunganisha rasilimali 29 za umma, nyingi zikiwa hifadhidata zilizoandaliwa na watu au zilizotokana na majaribio. Aina chache tu za mishale yake, kama ile ya ugonjwa na dalili, zilitegemea maneno kutajwa pamoja katika MEDLINE, hazina ya ikisiri za tiba. Kwa hiyo ni ushahidi kwamba grafu inafaa ikijengwa kwa data safi. Swali la uzi huu ni kama matini inaweza kutupa data safi.

Kuhusu barisitinibu, nakubali ni mfano mkubwa. Lakini barua ya kwanza ya watafiti wale iliweka mkazo kwenye protini ya AAK1, kwa hoja kwamba kuizuia kungekipunguzia kirusi njia ya kuingia katika seli. Wengi walioitumia baadaye wanaeleza manufaa yake zaidi kwa kutuliza mwitikio mkali wa kinga ya mwili kupitia vimeng'enya vya JAK, sababu ileile inayoifanya isaidie baridi yabisi. Inawezekana grafu ilifika nyumba sahihi kwa njia ambayo si ile iliyoichora. Pia kulikuwa na wataalamu waliokaa na grafu hiyo na kuchuja majibu yake. Kiasi gani cha sifa kiende kwa mashine, sijui namna ya kukipima.

#16 Seli_Moja

La Hetionet nimelikubali. La barisitinibu silikubali lote. Mgonjwa aliyepona haulizi ni mshale upi uliomfikia.

#17 NodiPweke

Sasa nizungumze kwa uzito kidogo, maana jina langu linanidai.

Mnajadili kama mshale mmoja mmoja ni wa kweli. Mimi nauliza kwa nini mishale mingi inakwenda kwa nodi zilezile. TP53 ni miongoni mwa jeni zilizochunguzwa kuliko zote, kwa hiyo katika grafu yoyote ya fasihi imeunganishwa na karibu kila kitu. Ukiiambia algoriti itabiri mshale unaokosekana, itakuelekeza kwa TP53 na wenzake maarufu, na utapata alama nzuri sana, kwa sababu hata mwaka ujao watafiti wataendelea kuandika kuhusu TP53. Umetabiri tabia ya watafiti ukidhani umetabiri biolojia.

Na ukificha mishale ya majaribio kwa kuiokota bila mpangilio, mambo yanazidi kuwa mabaya. Mshale uliofichwa mara nyingi una pacha wake aliyebaki, yaani kauli ileile iliyogeuzwa upande, au iliyoandikwa kwa kitenzi jirani. Algoriti inanakili jibu kwa jirani. Jaribuni kukata kwa mwaka: jengeni kwa makala za hadi mwaka fulani, mpime kwa za baadaye, halafu mje hapa kutuambia alama zimebaki ngapi. Nodi pweke kama mimi, yenye makala mbili tu duniani, haitatabiriwa kamwe, na huenda dawa iko kwangu.

#18 Mtafiti_Mkongwe

Hoja ya #17 inagusa jambo la kuhesabu ushahidi. Watu husema mshale wenye makala kumi ni imara kuliko wenye makala moja. Ni kweli ikiwa makala hizo kumi zilifanya majaribio kumi. Mara nyingi moja ilifanya jaribio na tisa ziliinukuu katika utangulizi wao. Ni ndoo kumi za maji kutoka kisima kimoja, na kisima kikiwa na sumu ndoo zote zina sumu.

Mfumo wa INDRA, uliojengwa katika Chuo cha Tiba cha Harvard, angalau unajaribu. Unakusanya kauli kutoka programu kadhaa za kusoma, unaunganisha zinazofanana, kisha unaipa kila kauli alama ya kuaminika kwa kuangalia ni programu zipi zimeiona, mara ngapi, na kila moja huwa inakosea kiasi gani. Hilo linapunguza makosa ya kusoma. La kisima halitatui, kwa sababu programu tatu zilizosoma sawasawa sentensi ya kunukuu bado zimesoma nukuu.

#19 Mchota_Ikisiri

Wakuu, nimefanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo. Nimeokota mishale mia moja bila kuchagua, nikaanza kuisoma kwa mkono na kuigawa katika mirundo kufuatana na maelezo yenu: rundo la vitambulisho (#3), la sarufi ya kukosekana (#11), la fasihi (#9), la nukuu (#18), na la kwangu la mshale kuwa mdogo.

Sijamaliza, kwa sababu nimekwama kwenye mmoja. Sentensi, kwa tafsiri yangu, ni hii: "Kukosekana kwa p53 katika seli za panya kunaweza kupunguza mwitikio kwa dawa hii." Grafu imeandika kwamba TP53 hupunguza mwitikio kwa dawa. Niuweke wapi?

#20 Kitambulisho

Rundo langu, bila shaka. Sentensi imetaja panya waziwazi, nayo programu imeandika jeni ya binadamu. Kiima kikiwa si sahihi, hakuna haja ya kusoma kilichobaki.

#21 Panya_wa_Maabara

Hapana. Weka Trp53 mahali pa TP53 na mshale bado unasema kinyume. Ni wa kwangu.

#22 Swali_Fupi

Nanyi mmeliruka neno "kunaweza". Mwandishi amekisia, grafu imethibitisha. Hilo rundo halimo hata katika orodha yako, mleta mada. Na mkitaka kujua kwa nini matini za kufunzia ni haba, jitazameni: sentensi moja, watu watatu, majibu matatu. Mkusanyiko wa BC5CDR una ikisiri 1,500, wa BioRED una 600, na sasa naelewa kwa nini waliishia hapo.

#23 Mfamasia_Msomaji

Niulize kitu kidogo kabla hamjagawana urithi. Sentensi hiyo ni ya ngapi katika ikisiri?

#24 Mchota_Ikisiri

Kwa nini?

#25 Mfamasia_Msomaji

Kwa sababu ikiwa ni ya kwanza au ya pili, kuna uwezekano mkubwa kwamba si matokeo yao. Ni usuli, wanaeleza waliyoyakuta wengine kabla ya kusema wao walifanya nini. Huenda sentensi ya mwisho inasema hawakuliona jambo hilo.

#26 Mchota_Ikisiri

Nimeifungua. Ni ya kwanza. Ya mwisho inasema kwamba katika seli walizotumia wao, kuwepo au kukosekana kwa p53 hakukuleta tofauti.

Programu yangu haikuwa inahifadhi namba ya sentensi, inahifadhi namba ya makala tu, kwa hiyo siwezi kujua ni mishale mingapi mingine iliyotoka kwenye sentensi za kwanza. Naanza kupakua upya usiku huu.